Kilo Thelathini na Mbili za Bonge

Kiwanda kilitengeneza viti vya plastiki, vile vinavyopandana kimoja juu ya kingine na kupangwa kwenye harusi na misiba, na kazi ya Bonge ilikuwa kuvikalia. Usicheke. Kuna watu wanalipwa kwa kuonja chai, kuna wanaolipwa kwa kulinda geti ambalo hapiti hata paka, na Bonge alilipwa kwa kukaa. Kila kiti cha aina mpya kililetwa chumba cha majaribio, kengele ikapigwa, wafanyakazi wa zamu wakajipanga ukutani, na Bonge akaingia na kikombe chake cha chai mkononi. Alikizunguka kiti mara tatu. Alikigusa mgongo kidogo, kama anayekiomba radhi mapema. Kisha akajishusha, akanywa chai yote bila haraka mpaka akayafikia majani, akainuka. Kiti kikiwa kizima, kiligongwa muhuri chini ya kikalio: KIMEKALIWA. Kikivunjika, watu walipiga makofi vilevile, maana kumwona Bonge akienda chini nako kulikuwa burudani, na mwenyewe hakuwa mtu wa kununa.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Barua yake ya ajira ilikuwa na mistari miwili tu yenye maana. Cheo: Mkaaji wa Majaribio. Sharti: uzito usipungue kilo mia moja na ishirini. Siku ya kwanza walimpima kwenye mzani wa mifuko ya plastiki mbichi, zile chembechembe nyeupe zinazoyeyushwa, na fundi rangi akaandika ukutani kwa herufi kubwa: BONGE, KILO 130. Tangu hapo hakuna aliyempima tena. Wampime ili iweje? Ukuta ulikwishasema.

Sasa, ukuta hauendi kwa daktari. Bonge alikwenda, tena kwa kuburutwa na mkewe, na daktari alipomaliza kusoma vipimo aliivua miwani akamgeukia mke, si mgonjwa.

"Mama, huyu mumeo bado unamhitaji?"

"Inategemea na siku, lakini kwa jumla ndiyo."

"Basi mpunguze."

Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo, mtu wa futi ya kamba shingoni na sindano mdomoni, na alimshughulikia mumewe kama suruali iliyoletwa kupunguzwa. Alfajiri walitoka kutembea, yeye mbele, Bonge nyuma akilalamika. Sahani kubwa zilipanda juu ya kabati, zikashuka vibakuli vya watoto. Kila Jumapili alimzungushia futi kiunoni, akaandika kwenye daftari la wateja, akazikaza suruali zake. Bonge akinung'unika, jibu lilikuwa moja: "Nataka mume. Sitaki kufiwa kwa ajili ya viti."

Na mimi sitaficha jambo ambalo yeye mwenyewe alilificha: baada ya miezi minane, Bonge alipenda. Alifunga kamba za viatu bila kumwita mtu. Alipanda ngazi akiwa anaongea, akafika juu akiwa bado anaongea. Koromo lake, ambalo majirani walilitumia kama dalili kwamba mtaa umelala, lilikatika ghafla, na mama mmoja wa nyumba ya tatu akaja kubisha hodi kuuliza kama kuna msiba. Nyumbani Bonge akawa mfalme mwembamba. Ila kila mfalme huyo alipofika kiwandani, aliupita ule ukuta, na ukuta ukamwambia mia moja na thelathini, na moyo wake ukamwambia barua, barua, barua ya ajira.

Akafanya kile ambacho mtu mzima mwenye akili timamu hufanya akiogopa. Akafanya upuuzi. Nyuma ya rafu za stoo aliweka boksi lake la siri. Kila asubuhi aliingia humo mwembamba akatoka Bonge: shati juu ya shati juu ya shati, taulo la kuogea likizunguka tumbo, na mifuko ya suruali ya zamani, isiyokazwa, imejaa nati na bolti ili hatua zake zisikike nzito. Shida ilikuwa mashavu. Mashavu hayavalishwi taulo. Ikabidi ayajaze upepo, akawa anapita kwenye korido amevimba kama mtu anayepuliza baragumu isiyokuwepo, na wenzake wakampa pole ya jino kwa miezi mitatu mfululizo.

Hapo ndipo akaja Injinia.

Alikuwa binti mdogo wa umbo, mwenye miwani mikubwa na haraka ya kuongea, aliyeajiriwa na Meneja ili viti vitengenezwe kwa hesabu badala ya kubahatisha. Alipewa meza pembeni ya chumba cha majaribio, chini kabisa ya ule ukuta wenye maandishi. Kutwa nzima alikuwa anatazama kompyuta na kuongea nayo kwa ukali. Bonge alimwonea huruma, akampelekea chai.

"Unafanya nini humo, binti yangu?"

Injinia akamgeuzia kioo. Humo mlikuwa na kiti kile kile wanachokitengeneza kila siku, ila kimechorwa mistari mwili mzima, kama kimevuliwa na wavu.

"Nimekikatakata, Mzee Bonge. Vipande elfu arobaini na kitu, vidogo vidogo, vya pembetatu. Kiti kizima huwezi kukiuliza kama kitavunjika, kina mikunjo mingi mno, hakuna hesabu moja ya kukujibu. Lakini kipande kidogo ni rahisi. Ukikisukuma, kinamsukuma jirani yake, basi, hakina jambo jingine. Nakiuliza kila kimoja umesukumwa kiasi gani na umemsukuma nani, kompyuta inakusanya majibu yote, na hapo ndipo tunajua kiti kimeumia wapi."

Bonge akafikiri. "Kwa hiyo ni umbea."

"Ni umbea wenye hesabu," alisema Injinia, na akacheka mpaka miwani ikateleza. "Penye buluu kiti kimetulia. Penye nyekundu kinakaribia kuvunjika."

"Na huu mshale mwekundu unaokichoma kikalio?"

"Huo ni wewe."

Bonge akainama kuuangalia. Mshale ulikuwa mwembamba, umesimama wima, umeelekea chini, na pembeni yake pameandikwa BONGE 130.

"Miaka kumi na tisa," alisema, "na mimi ni mshale."

"Usikasirike, Mzee. Uzito wako nimeutoa hapo ukutani."

Bonge akajaza mashavu upepo, akaenda zake.

Wiki iliyofuata Injinia alitaka kuhakikisha kwamba kompyuta haimdanganyi. Alikiweka kiti cha zamani katikati ya chumba, akakitegea chini ya kikalio kipimio cha mviringo chenye sindano kama ya saa, kinachoonyesha kiti kimebonyea milimita ngapi. Kompyuta ilikwishatabiri: Bonge akikaa, kiti kitabonyea milimita ishirini. Kengele ikapigwa, Bonge akazunguka mara tatu, akakaa. Sindano ikapanda, ikasita, ikagoma kwenye kumi na tano.

"Inuka, Mzee. Kaa tena."

Kumi na tano.

"Jiachie kabisa. Usijizuie."

"Binti yangu, mimi kukaa sifundishwi," alisema Bonge, jasho likimtoka chini ya mashati matatu. Kumi na tano tena.

Injinia akaikaza macho sindano, akatazama ukuta, akatazama kompyuta. Bonge aliona mwisho wake umefika, akaanza kuandaa maneno ya kuomba msamaha. Lakini yule binti aliruka juu akipiga makofi.

"Plastiki yetu ni ngumu! Ni ngumu kuliko karatasi za waliotuuzia zinavyosema! Uzito ni ule ule, kiti kimebonyea kidogo, basi plastiki ndiyo imekataa kubonyea. Ni ngumu zaidi kwa theluthi nzima!"

Bonge akashusha pumzi iliyokuwa imekwama tangu asubuhi. Salama. Kama lawama imeangukia plastiki, plastiki haina mke wala barua ya ajira. Alikunywa chai yake kwa raha, na jioni akamsimulia mkewe kwamba mambo kazini ni mazuri kupita kiasi.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Bonge ilikuwa na kona, na kwenye kona hiyo alikuwa ameketi Injinia anabonyeza. Aliiambia kompyuta kuwa plastiki ni ngumu kwa theluthi. Kompyuta, ambayo huamini kila inachoambiwa, ikapaka kiti kizima buluu. Kama ni buluu namna hii, alisema Injinia, basi tunaweka plastiki bure. Akaipunguza miguu unene. Bado buluu. Akapunguza kikalio, akatoboa mgongo mashimo ya urembo, na mwishoni akatoa kiti ambacho unakiinua kwa kidole kimoja. Meneja alikipa jina mwenyewe, Kipepeo, na kwa furaha akamwita mteja wake mkubwa kuliko wote aje akione.

Mteja huyo alijulikana kwa jina la Mama Kumbi. Alikuwa na kumbi sita za sherehe na alitaka viti elfu mbili. Hakuwahi kuamini katalogi, hakuwahi kuamini muhuri, na alikuwa na kanuni moja ya biashara: hanunui kiti ambacho hajakikalia mwenyewe mbele ya muuzaji. Na Mama Kumbi, jamani, alikuwa mtu mzima wa kweli. Yeye hakuvaa taulo.

Siku moja kabla ya ugeni, Kipepeo kililetwa kwa Bonge. Kengele, mizunguko mitatu, chai. Kiti kilimbeba. Watu wakashangilia, muhuri ukagongwa, Meneja akampa mkono Injinia. Bonge peke yake hakushangilia. Katikati ya funda la tatu alikisikia kiti kikiguna. Si mlio wa kuvunjika, alivijua hivyo vyote kama mzazi anavyovijua vilio vya mtoto. Huu ulikuwa mguno wa chini chini, mguu wa nyuma wa kushoto, mguno wa kiti kinachosema: kilo chache zaidi, mzee, na tutaonana sakafuni.

Chumba kilipotawanyika alimfuata Injinia mezani.

"Hiki kiti kimeguna."

"Hakiwezi kuguna, Mzee. Tazama, buluu tupu."

"Na umejuaje kwamba plastiki ni ngumu?"

"Kwa sababu ulikaa kilo mia na thelathini, na kikabonyea kumi na tano badala ya ishirini. Wewe ndiye uliyetufundisha!" Akatabasamu kwa shukrani ya kweli. Bonge alijiona kama mtu aliyekula nyama usiku, asubuhi akaamka na kukuta paka anachapwa. Plastiki haikuwa ngumu. Yeye ndiye aliyekuwa mwepesi. Zile kilo alizoziacha barabarani alfajiri, moja moja, akisindikizwa na mkewe, binti huyu alikuwa ameziokota na kuzijenga ndani ya miguu ya kiti. Na kesho juu ya miguu hiyo anakuja kukaa Mama Kumbi.

Angeweza kusema pale pale. Mdomo aliufungua kabisa.

"Chai imepoa," alisema, akatoka.

Mpango wake wa kwanza ulikuwa kuzirudisha kilo zote jioni ile. Alikwenda kantini, akaagiza sahani ya wali, ya pili, ya tano. Mpishi alilia machozi ya furaha. Miezi yote hiyo alidhani chakula chake kimeharibika. Bonge alikula mpaka macho yakawa mazito, akajikokota mpaka stoo, akavua mzigo wake wa nguo na nati, akapanda mzani wa mifuko. Mia moja na moja. Kabla ya chakula alikuwa tisini na nane. Kwa mwendo huo, alipiga hesabu, alihitaji sahani nyingine karibu hamsini kabla ya saa nne asubuhi, na mpishi alikuwa anafunga.

Alirudi nyumbani anatembea kama mwanamke wa mwezi wa tisa. Kwa kuchanganyikiwa alikuwa amesahau kuacha mzigo wake kwenye boksi, na mkewe alipoichukua suruali aitie majini, ndoo ikalia ngwa, ngwa, ngwaa. Mke akaingiza mkono, akatoa bolti. Akatoa nyingine. Alipofika ya kumi na nne alikuja sebuleni amezibeba kwenye kanga kama mayai.

"Baba watoto, unaiba kiwandani?"

"Siibi. Nazivaa."

Ikabidi aseme yote: mashati, taulo, mashavu, sindano iliyogoma kwenye kumi na tano, Kipepeo, Mama Kumbi. Alisema ameinamisha kichwa. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama, na Bonge akasubiri kugombezwa kuhusu uongo. Lakini kilichomtoka mwanamke kilikuwa kingine, na kilimtoka na machozi.

"Mimi kila Jumapili napima hicho kiuno namshukuru Mungu. Naandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Kumbe wewe ukifika huko unajifunga taulo, unaona aibu? Unaionea aibu kazi yangu?"

"Siionei aibu. Nina barua ya ajira, mama watoto. Wakijua, sina kazi. Nimekaa maisha yangu yote. Nitakwenda kufanya nini tena, kusimama?"

Mkewe akajifuta uso kwa ncha ya kanga, zile bolti zikagongana.

"Huyo mama anayekuja kesho, ana watoto?"

"Sijui. Atakuwa nao."

"Basi mimi sisemi kitu," alisema. "Mwenye makalio ni wewe." Akaenda kuendelea na kufua, naye Bonge akabaki sebuleni na wali wake tumboni, akiwa na hofu mbili na bila usingizi hata kidogo.

Asubuhi, Mama Kumbi aliingia chumba cha majaribio na mkoba wa ngozi begani, Meneja akirudi kinyumenyume mbele yake kwa adabu. Wafanyakazi walijaa ukutani. Injinia alisimama kando ya kompyuta, amepaka hadi wanja. Kipepeo kilikuwa katikati, kimeng'arishwa, kwenye vigae vilivyopigwa deki. Na Bonge alikuwa kwenye kona yake, amevaa vyote: mashati, taulo, nati.

"Kizuri," alisema Mama Kumbi akikizunguka. "Chepesi. Kitanibeba?"

"Kimekaliwa jana na huyu!" Meneja akaonyesha Bonge, kisha ukuta. "Kilo mia moja na thelathini, mama, na kimemcheka."

Mama Kumbi akakigeuzia mgongo kiti. Akakusanya nguo yake nyuma. Akaanza kushuka.

"Mama, simama!"

Sauti ilimtoka Bonge yenye nguvu kuliko alivyokusudia. Mama Kumbi akaganda nusu njia, mikono hewani.

"Usikae. Mimi si mia na thelathini. Nimekonda."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Meneja alicheka kuliko wote. "Bonge amekonda! Basi na hilo ghala limekonda! Mama, huyu ndiye mchekeshaji wetu, we kaa tu."

Ndipo Bonge akaona kwamba ukweli nao una foleni yake, haupokelewi kwa kusemwa tu. Akavua shati. Ndani mlikuwa na shati. Akalivua. Kicheko kikapungua. Akavua la tatu, akalifungua taulo, likamzunguka likianguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Akaingiza mikono mifukoni akamwaga nati na bolti juu ya vigae, zikatawanyika zikilia hadi miguuni pa Meneja. Suruali ilitaka kufuata, akaiwahi kwa mkono mmoja. Mwisho akatoa upepo wote mashavuni. Pale penye Bonge palisimama mtu wa wastani mwenye fulana, ameshika kiuno.

"Tisini na nane," alisema. "Wali wa jana ulikwisha kwenda zake."

Injinia alikuwa ameanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Alipofika mwisho alikaa chini bila kuangalia kama nyuma yake kuna kitu, na kwa bahati kulikuwa na ndoo.

"Ishirini mara tisini na nane, gawanya kwa mia na thelathini..." Akafunika uso. "Kumi na tano. Kumi na tano kamili! Plastiki ni ile ile. Karatasi zilikuwa sahihi. Mimi nimeuamini ukuta!"

"Subirini kwanza," alisema Mama Kumbi, ambaye sasa alikuwa amesimama wima. "Kwa hiyo mimi ningeanguka?"

"Chini kabisa, mama," alisema Bonge.

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote hawa."

"Maneno matupu," alisema Meneja, jasho likimchuruzika. "Kiti ni kizima. Kina muhuri!"

Bonge hakubishana. Aliifunga suruali kwa taulo, akachukua mfuko wa chembechembe wa kilo ishirini na tano, akamwomba mpishi chai, maana mambo yawe ya hovyo lakini utaratibu ni utaratibu. Alikizunguka kiti mara tatu. Akakaa, mfuko mapajani. Mia moja na ishirini na tatu. Kipepeo kikaguna, na safari hii kila mtu alikisikia. Bonge akanywa funda. Kikaguna tena, lakini kikasimama.

"Mnaona!" alisema Meneja.

Mama Kumbi akamtazama Meneja, akatazama kiti, akauvua mkoba wake begani. Akamsogelea Bonge na kuuweka polepole juu ya mfuko.

Kwaa! Mguu wa nyuma wa kushoto ukaenda kushoto, mingine mitatu ikaenda ilikotaka, na Bonge, mfuko, mkoba na chai vikakutana sakafuni kwenye mvua ya chembechembe nyeupe. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo mkuu hakusikilizwa na guu lilikuwa la kiti. Mama Kumbi alicheka mpaka akahitaji mahali pa kukaa, na katika kiwanda kizima cha viti hakuna aliyethubutu kumpa kiti.

Injinia alikuwa amekwisharuka kwenye kompyuta. Akaurudisha ugumu wa zamani wa plastiki, akabonyeza, wakangoja. Buluu ikayeyuka. Mguu wa nyuma wa kushoto ukawaka mwekundu kama pilipili, pale pale ulipovunjika, hadi kipande chenyewe. Akauonyesha kwa kidole, halafu akauchukua mkoba wa mteja na kuupandisha kwenye mzani. Kilo saba.

"Mama, umebeba nini humu?"

"Yasiyokuhusu," alisema Mama Kumbi. "Ukimaliza kukirekebisha, niite."

Alipoondoka, Meneja aliitoa ile barua kwenye faili, akaisoma kwa sauti mbele ya wote. Uzito usipungue mia moja na ishirini. Akamtazama Bonge aliyekuwa anaokota nati zake sakafuni.

"Umenidanganya miezi yote hii. Kazi hii huna sifa nayo."

"Najua, bosi."

"Sasa nani atakaa?" aliuliza Injinia. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikurudi nyuma. "Wewe, bosi? Feni ikiwashwa unashika meza. Mimi mshale ninao, mshale haukai, mshale hausikii kiti kikiguna. Alikuja kuniambia jana. Nikamwambia haiwezekani, nikamwonyesha rangi. Kosa la kilo ni lake. Kosa la kutompima ni langu, na mzani uko hatua kumi kutoka mezani kwangu."

Meneja alisema atafikiri, na kufikiri kwa Meneja kulichukua siku nne, ambazo Bonge alizikaa nyumbani akivunja vifungo vya nguo za wateja wa mkewe kwa kisingizio cha kusaidia. Hakula vizuri. Mara ya kwanza katika maisha yao, mkewe ndiye aliyembembeleza aongeze kijiko.

Siku ya tano barua mpya ikaja. Cheo kilikuwa kile kile. Sharti lilisomeka: mkaaji apimwe kila anapokaa, upungufu ujazwe kwa mifuko. Mkewe aliisoma mara mbili, akaivaa miwani akaisoma ya tatu, akasema anataka kwenda kukiona hicho chumba kilichomvalisha mumewe taulo.

Wakaenda pamoja baada ya kazi. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya, hauna neno. Injinia aliinuka, akamsalimia mama kwa heshima zote, akamwonyesha kiti kipya ndani ya wavu wake: miguu imenenepa kidogo, buluu ya haki. Na juu ya kikalio mshale mwekundu ulikuwa umesimama vile vile, na pembeni yake, BONGE 130.

"Huu sijaufuta," alisema Injinia, akiona haya kidogo. "Viti lazima vimbebe mtu wa uzito huo, hata kama hayupo. Kama jina linawaudhi, nalitoa."

Bonge alisogea karibu na kioo. Alimwangalia yule mwembamba mwenye kilo zake zote, hachoki, hakoromi, haendi kwa daktari. Miaka kumi na tisa si mchezo. Mkewe naye aliinama akautazama mshale kwa makini, jicho la mshonaji, juu mpaka chini, kama anayemkagua mteja.

"Huyu ndiye niliyekuwa naogopa kumzika?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Bonge.

Mwanamke akaugonga mshale kwa ncha ya kidole, taratibu.

"Basi wewe kaa hapo hapo, baba, ukae mpaka uchoke. Huyu mwingine nimekuja kumchukua."

Akamshika mumewe mkono, na wakatoka kwa miguu.